Kiboko Aliyeziba Bwawa la Mbaruk

Mbaruk aliwaahidi watu wa Bagamoyo maji kabla ya Ramadhani. Akishindwa, asingepita sokoni bila kuzomewa. Akajenga bwawa la udongo juu vilimani Kiwangwa, akachimba mfereji mpaka mjini, na maji yakashuka kweli.

Ila kiboko mmoja alikuwa amejibweteka ukutani, hatoki. Mbaruk akamfukuza kwa ngoma na matusi. Alipoondoka tu, ukuta ukafoka maji pale pale alipokuwa amekaa. Kumbe tako lake ndilo lililoziba tundu!

“Fundi wako umemtukana, bwana wee,” mkewe Shaikha alimwambia huku akicheka mpaka machozi. “Nenda kamwombe radhi. Na umwamkie kwanza!”

Mbaruk alimkuta kiboko matopeni, kanuna. Akavua kilemba, akamwaga kapu la mihogo.

“Shikamoo, bwana mkubwa. Nilikosa adabu.”

Kiboko akatafuna weee, akapiga mwayo, kisha akajikokota mpaka ukutani, akakaa kitako. Tundu likaziba ndi.

Ramadhani hiyo mji mzima ulifuturu kwa maji matamu. Naye Mbaruk kila akipanda kilimani alimwamkia kiboko kwanza, vibarua baadaye.