Mwenye Uso Aone Kwanza

Caren alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake wa Nairobi: filamu yake haitoki kabla mwenye uso hajaiona. Tangu aanze kupiga picha maisha ya watu kama yalivyo, alikuwa amewarudia wachimba mchanga wa Sondu na washona viatu wa Kibuye, na hakuna aliyemfungia mlango. Lakini siku hiyo pale Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria, moyo ulimwenda mbio.

Awuor, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye ufuo mzima humwita Mama Calvince, alikuwa amesema mbele ya kamera jambo ambalo wanawake wa omena husemezana jikoni tu: kuna wenye mashua hawamuuzii mwanamke samaki mpaka alale nao. Yeye alikataa, akakaa msimu mzima na karai tupu. Bila maneno hayo, filamu ilikuwa gunia bila unga. Na Awuor akisema toa, Caren angeyafuta.

Nyumbani kwa Awuor walifunga pazia ili jua lisiingie kwenye kompyuta. Jirani yake, Akinyi, akajipenyeza.

"Mama Calvince, kumbe kwa filamu umenenepa hivi!"

"Nyamaza, nisikie vile nilisema."

Alijisikiliza bila kupepesa macho. Caren hakuiangalia filamu, alimwangalia yeye. Ilipoisha, Awuor akashusha pumzi.

"Toa."

Caren akaivuta kompyuta karibu. "Sawa, Mama. Nitatoa."

"Na hujauliza utoe nini."

"Si yale ya wenye mashua?"

"Hayo acha! Wacha wasikie mpaka Mbita. Nasema ile ya mwanzo, omena yangu imemwagika kwa mchanga na kuku anadonoa. Nani atanunua kwangu tena? Watasema omena ya Mama Calvince inakwaruza meno!"

Akinyi alicheka mpaka akashika ukuta. Caren alicheka pia, huku machozi yakimlengalenga. Picha hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliifuta palepale, Awuor akiona.

"Sasa utaanza na nini?" Awuor aliuliza, huruma imemwingia.

"Sijui, Mama."

"Kesho naanika. Kuja mapema. Lakini usiniambie simama hapa, geuka hivi. Mimi si wa maigizo."

"Sitakuambia kitu."

Asubuhi nyavu zilikuwa zimetandazwa, omena inang'aa juu yake, na Awuor anaichambua kwa vidole, akitoa takataka. Caren alipiga picha kimya kimya. Alipomaliza, alimshika mikono yote miwili, ikinuka samaki vilevile.

"Mama, asante. Ungeweza kunikatalia yote."

"Asante ya nini? Wengine hutupiga picha wakapotea, tunakuja kujiona kwa simu ya mtu. Wewe umeniletea kwangu, nikakaa kwa kiti changu nikaona."

Kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakianika upande wa pili, akapaza sauti:

"Nyinyi! Mwenye ana neno aje aseme. Huyu hurudi."

Walitazamana. Mmoja akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye leso, akaja.