Esta na Neno la Mwenyekiti

Siku hiyo Esta alikamua haraka haraka mpaka ng'ombe mwenyewe akageuka kumtazama. Alikuwa na furaha, ile ya mtu anayekwenda kugombana akijua safari hii anacho cha kusema. Ameitwa baraza la kata, habari ya zizi lake la zamani.

Sasa hilo zizi la zamani ni hivi. Kwao, upande ule wa Mgori, ukihamisha ng'ombe, pale walipokuwa wakilala hupalimi msimu huo huo. Unapaacha samadi ipoe, maana ukiharakisha uwele unaungua. Kila mtoto analijua hilo. Lakini mtendaji wa kijiji, kijana wa watu, katokea mbali huko, akaona majani yamesimama, akasema hili ni pori halina mwenyewe. Akampa Joshua mwenye trekta alime alizeti. Esta hakuulizwa hata neno. Na shamba la kulisha nyumba yake ndilo hilo hilo, hana lingine.

"Mama, ukifika usibishe sana," akasema Witness, mke wa mwanawe. "Watakupiga faini."

"Faini ya nini? Hukumsikia yule dada wa sheria pale mnadani? Bunge lilishabadilisha. Kesi ya ardhi baraza la kata haliamui tena, linasuluhisha tu. Likishindwa, linatamka limeshindwa, ndipo tunakwenda baraza la ardhi la wilaya, Singida mjini."

"Na hao wa barazani wanajua?"

"Leo watajua." Akaenda anacheka peke yake njia nzima.

Alikuta mabenchi yamejaa. Hosea, mwenyekiti, akainuka kidogo kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Mwenyekiti akaketi tena, na hapo hapo uso ukambadilika. "Mama, baraza limeamua. Shamba ni la Joshua. Nenda kwa amani."

"Limeamua saa ngapi, baba? Mimi ndio kwanza nakaa."

Watu wakacheka chini chini.

"Na huyo Joshua yuko wapi, tusuluhishwe?"

"Joshua ana kazi."

"Haya. Basi sema mbele ya hawa watu kwamba usuluhishi umeshindikana, mimi niende zangu mjini."

Hosea akayatazama mabenchi. Neno lenyewe dogo tu, lakini akilitamka, kata nzima itajua kwamba rungu hana. Na yeye miaka yote hii kawatoza watu majogoo, kawatoza mbuzi, wakatoa na asante juu.

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha, mwanangu. Sheria haikuja jana. Mmekaa nayo kimya."

"Tupishe, niite wengine."

"Sipishi mpaka useme."

Ukimtazama ungesema msichana kaja ngomani. Akavua kandambili, akakunja miguu juu ya benchi, akaegemea ukuta.

"Ritha," Hosea akaita, sauti imepanda. "Wewe na mwenzako wa kesi ya mpaka, njooni mbele."

Ritha akasimama. Badala ya kwenda mbele, akaenda kwa Esta, akajibana naye pale pale.

"Huyu mama hujamjibu," akasema. "Ukishamjibu, utaniambia na mbuzi wangu wa mwaka jana alikwenda kwa sheria gani."