Ukiona Asante, Imefika

...bado, boss, namwambia, bado inajaribu, na huo ni uongo, seva ilimaliza kujaribu kitambo, imeandika pale chini kwamba faili iko sawa, haina kosa hata moja, kilichobaki ni mimi kubonyeza Enter isome mistari mipya, na Mathew, meneja wa wafanyakazi, amesimama nyuma ya kiti changu ananipumulia kitunguu cha mchana kichwani, anasema, "Mokeira, hii ni ya siku mbili tu, wakaguzi wakienda unarudisha vile ilikuwa," siku mbili, eti, kila kitu katika shamba hili la chai ni cha siku mbili, hata lile turubai la mlango wa choo kambini lilikuwa la siku mbili nikiwa darasa la nne, na liko pale mpaka leo... nijifanye nakagua, niteremshe ukurasa polepole, seva ya mbele inapokea kila mtu anayefungua tovuti yetu, anayetaka picha za chai inampa yenyewe, anayetaka habari inampa yenyewe, lakini anayekuja na malalamiko inampeleka kwa seva ya nyuma, huko ndiko kuna programu inayoyaandika na kuyatuma kwa kamati ya nje bila kupitia meza ya Mathew, njia hiyo niliitengeneza mimi nikajiona fundi kweli kweli, na leo nimeongeza mistari michache tu juu yake, malalamiko yote yapelekwe nyuma isipokuwa yanayotoka kwenye anwani ya Wi-Fi ya Divisheni ya Tatu, hayo yajibiwe hapa hapa mbele, kwa ule ukurasa wangu wa kijani, Asante, tumepokea malalamiko yako, halafu basi, hayaandikwi popote, hayaendi popote.

"Kipkurui ni mtu wa kazi," anasema Mathew, "hizi maneno za wamama zitatuharibia certificate ya kuuza chai nje," na mimi naitikia kwa kichwa, kichwa hiki kinaitikia chenyewe siku hizi, Kipkurui msimamizi wa Divisheni ya Tatu, mtu wa kazi, ndiyo, Chepkemoi, mchumaji wa huko, alinieleza kazi zake Jumapili baada ya ibada, tumesimama kando ya tangi la maji, simu yake kioo kimepasuka, Kipkurui anataka aende kwake jioni wakaongee, na tangu akatae amepewa mistari ya chai ya chini kule mtoni, kila siku hiyo hiyo, apande ule mteremko na kikapu kimelowa mpaka banda la kupimia, akashusha sweta nione mabega yalivyochubuka, nikaangalia tangi... "Sasa nikifinya hapa inaenda wapi?" akaniuliza. Inaenda mbali, Kipkurui hawezi kuiona. "Na nitajuaje imefika?" Ukiona asante, imefika, nikamwambia, akarudia polepole kama mtu anayekariri njia ya kwenda ugenini, nikiona asante, imefika, akasema atatuma leo wakishapima majani, na sasa wanapima, nasikia lori likiguna kule bandani, wingu limeshuka mpaka kwenye chai, Mungu wangu, mvua inyeshe, netiweki ipotee, simu yake izime, asitume leo... ona ninachoomba! Naomba mtu akae na maumivu yake ili mimi nisichafuke mikono, aibu imenipanda mpaka masikioni.

"Mokeira, imekubali?" Bado, boss. Mama anachuma divisheni hiyo hiyo, nyumba ni ya kampuni, siku nilipopata hii kazi ya ofisini aliniambia, "Kaa kimya ule, usinirudishe kwetu Nyamira na godoro kichwani," na mama si mwoga, mama aliwahi kumfukuza nyoka na mwiko, sasa hofu hii aliitoa wapi... mtoni, alikuwa anatoka mtoni, ule mwaka wa turubai, kila jioni anarudi wa mwisho, gauni limeganda matope, wenzake wameshapika, nami nauliza, mama, mbona wewe kila siku unapelekwa mbali, naye anasema, "Nyamaza, kula ugali," na msimamizi wa wakati ule akipita nje, mama anaingia ndani na kufunga mlango, mistari ile ile, mteremko ule ule, na mimi mtoto wake, na diploma yangu ukutani, nilidhani ni bahati mbaya tu ya kupangiwa, mama, hukusema, ungemwambia nani?

"Kama imekushinda nimpigie Joab aje kutoka mjini," anasema Mathew, "yeye ni dakika tano," na ni kweli, Joab ataandika mistari hii hii anapiga mluzi, nami nitaambiwa niache funguo mezani, na godoro la mama pengine litapanda lori la Nyamira, naogopa, lakini Joab hakusimama kando ya tangi, Joab hakumwambia mtu kwamba akiona asante, imefika, nilisema mimi... matone ya kwanza yanagonga bati, lori linaguna, Mathew anauliza tena, "Imekubali?" na kidole changu kiko pale pale juu ya Enter, hakijasogea, na hakishuki.