Upande Asioutazama

Mbuke alipiga goti kushoto kwa kiti cha mumewe, akamwamkia: "Mwangaluka, Baba Sikujua."

Jilala hakugeuka. Alikuwa ameikodolea macho barabara iliyokuwa kuliani kwake, barabara ileile iliyomchukua kwenda kuchimba dhahabu Geita.

Haya basi! Mwanamke kangoja misimu mitatu ya pamba, mume karudi jana, wamecheka pamoja hadi majirani wakakohoa. Kumekucha tu, macho ya mtu yako njiani! Nyongo ilimpanda Mbuke. Huko machimboni kuna anayemwita, alijiambia, maana wivu hauna haja ya shahidi. Aliweka kikombe cha uji kwenye kigoda, upande uleule wa kushoto, akaenda jikoni kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Mbona hunywi?" aliuliza baadaye, akichungulia bila kutoka.

"Uji gani?" Ulimi wa Jilala ulikuwa mzito.

Eunice, jirani yao na muuguzi wa zahanati ya Songwa, ndiyo kwanza anaingia uani kumlaki Jilala. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba" ilitokea upande mmoja wa mdomo. Tabasamu la Eunice lilikatika. Alimwambia ainue mikono yote miwili. Ukapanda wa kulia peke yake. Alimwita kutoka kushoto. Macho yakabaki kulekule barabarani. Kisha akauinua ule mkono wa kushoto uliolala pajani, akauleta mbele ya macho ya Jilala.

"Huu mkono wa nani, shemeji?"

Jilala aliutazama kwa muda. "Si wa Mbuke?"

Mbuke, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kucheka. Alipouona uso wa Eunice, alisogea karibu.

"Mama Sikujua, hiki ni kiharusi, tena kikali. Zahanati hatumwezi, na kwa mganga tusipite. Ni hospitali moja kwa moja. Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?"

"Alipotoka kuoga. Aliniita vizuri tu." Machozi yalimlengalenga. "Nilipomwamkia alikuwa tayari hivi. Nilidhani hataki kuniangalia."

Eunice hakumlaumu. Alikuwa ameshapiga simu hospitali mjini Shinyanga, akieleza habari ya macho, mkono na saa, ili wamsubiri mgonjwa mlangoni.

Gari la jirani lilipatikana. Wakamketisha Jilala nyuma, Eunice kulia akimshikilia kifua, Mbuke kushoto. Ee Mungu, aliomba Mbuke, nirudishie huyu mtu. Hata akitaka kwenda zake Geita, aende, mradi aondoke akinitazama.

"Tutawahi?" aliuliza.

"Tunakwenda, dada. Kila dakika ina kazi yake."

Walipoukaribia mji, Jilala aliita, "Mbuke."

"Nipo, Baba Sikujua. Nipo hapa."

Hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulipapasa pajani ukaukuta ule wa kushoto, umelala, hauna habari. Akaukumbatia kifuani, akaanza kuvipapasa vidole vyake polepole.

"Nimekukumbuka mno, Mbuke," aliuambia. "Siendi tena."

Mbuke alikuwa bega kwa bega naye, joto la mwili wake analisikia. Aliuonea wivu mkono ule. Alifungua kinywa amwambie kwamba yeye yuko huku, kisha akakifumba, mumewe asije akauachia.