Ukumbi Mmoja, Wenyeviti Wawili

Mwanga wa jukwaa ulikuwa mweupe, mkali, usio na huruma. Uliusubiri mwili wako, mdogo wangu, na mwili wako uliusubiri.

Zamani tulinyanyua ekseli za malori nyuma ya gereji, wala hatukuwa na chama. Nguvu ilikuwa nguvu. Kisha kikaja chama cha watunisha misuli, na katiba, na mhuri, na waamuzi wa kuusoma mgongo wa mtu kwa macho. Kisha chama kikapasuka. Wenyeviti wawili, mihuri miwili, mabingwa wawili wa nchi moja. Ukipanda jukwaa la huyu, yule anakufungia maisha.

"Nitasubiri wapatane," ulisema. Ukasubiri hadi mvi zikakuingia.

Wakapatana. Shindano moja, ukumbi mmoja. Ukaacha chumvi, ukaacha maji, maana ngozi ikikauka ndipo msuli unapoonekana. Nikakupaka mafuta, mgongo ukang'aa kama mbao iliyopigwa msasa.

Nyuma ya pazia tukawasikia wenyeviti.

"Mimi ndiye wa kufungua!"

"Wewe nani? Mwenyekiti wa kujipachika!"

Asubuhi ikawa mchana, mchana ukawa jioni. Wenzako wakacheka kwa midomo iliyopasuka: "Jamani, kumbe wanaoshindana ni wenyeviti!"

"Kunywa, mdogo wangu."

"Kaka, nikinywa nitavimba. Wataniita sasa hivi."

Sasa hivi. Wenyeviti wakanyamaza. Sasa hivi. Wakaanza tena. Sasa hivi, sasa hivi, na wewe ukizidi kukauka.

Mapaja yakajifunga mafundo. Ukaanguka bila kishindo, wewe mkubwa kuliko sote, kama shuka lililoponyoka kwenye kamba. Moyo, alisema daktari. Moyo nao ni msuli, ila hakuna mwamuzi aliyewahi kuuomba ujionyeshe.

Hapo ndipo vyama vikaafikiana kweli: hiki kikasema ulikuwa wa kile, kile kikasema ulikuwa wa hiki. Hakuna aliyekuja msibani.

Alikuja seremala. Akapima mabega yako, akatazama kipimo, hakuamini. Akapima tena, taratibu, akikuzunguka upande kwa upande, na mwanga wa dirishani ukakulalia begani, mpole, usiodai kitu. Akavua kofia.

"Mzee, huyu alikuwa mtu hasa."

Nikasimama wima.

"Rudia," nikamwambia. "Kwa sauti. Asikie."