Wanunuzi wa Kesho

Jumapili, tarehe 23 Agosti 2015, saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Al-Suwaidi mjini Riyadh ulikuwa na vumbi na joto la nyuzi thelathini na nne. Hezekiah, mlinzi kutoka Kenya, alifungua lango la nyumba ya bosi wake ili awaandikishe wanunuzi wa kesho.

Walikuwa wakija tangu Machi. Miili yao ikiwa bado imelala majumbani, wao walipanga foleni, wakataja hisa ambazo wangenunua siku ya pili, wakatia sahihi na kuondoka. Bosi alilisoma daftari kabla ya soko kufunguliwa saa tano. Foleni ikiwa ndefu, alinunua. Ikiwa fupi, aliuza kwa watu wasiokuwa na mlinzi kama wake.

Siku hiyo alikuja mmoja tu: Rosebellah, mtumishi wa nyumba hiyohiyo, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akikaanga mayai. Alitaja hisa za saruji, kwa mshahara wake wa miezi kumi na minne ambao bosi alikuwa hajamlipa. Hezekiah angeweza kumwacha. Lakini kanuni yake ilikuwa kwamba kila apitaye langoni huandikwa, naye akamwandika.

Bosi alisoma.

"Mmoja tu?"

"Mmoja, bosi."

"Basi kesho nitamlipa kwa hisa. Wewe nyamaza, na Alhamisi utapata ruhusa ya kusafiri."

Ruhusa hiyo Hezekiah alikuwa ameiomba kwa miezi minane. Mkewe, Lydia, alikuwa amelazwa hospitalini Kakamega. Hezekiah alifunga lango, akaenda mlango wa jikoni.

"Kesho ukipewa hisa, kataa. Hakuna atakayezinunua kwako."

"Kumbe! Ndiyo maana madam amenichekea leo," Rosebellah alisema. "Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe. Umepita langoni asubuhi hii."

"Nimevaa nini?"

"Leso ya kijani."

"Hiyo nimeianika, ni ya kesho. Haya, nimekuamini."

Jumatatu bei za hisa za saruji zilitajwa sokoni na hakuna mnunuzi aliyezijibu. Bosi alimnyooshea Rosebellah karatasi.

"Hisa ni mali."

"Basi kaa nayo, bosi. Mimi nataka pesa yangu."

Hezekiah alilikata jina la Rosebellah daftarini kwa rula, akaandika kando: hakununua. Jumanne wanunuzi kumi na mmoja walirudi langoni, naye akawaandikisha.

Alhamisi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kuomba ruhusa yake. Bosi hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Yeye mafi, hakuna pesa. Wewe mafi, hakuna safari. Halas, basi."