Uzi Kwenye Mguu wa Kinda

Alikuwepo mzee mmoja fundi cherehani, watu wakimwita Mzee Pindo. Ukimpelekea lawama yoyote, suruali imekubana, gauni limekupwaya, jibu lake ni moja tu: "Hilo ni pindo tu, acha hapo." Basi mzee huyu alikuwa na chiriku wawili wa manjano, dume na jike, alioachiwa na marehemu mkewe. Yule mama, Mungu amrehemu, alitamani sana kusikia kinda akilia kwenye kile kizimba. Kila mara mayai yakitagwa yanalaliwa, halafu yanaoza. Akaondoka hajasikia.

Sasa jike akaanza tena kuokotaokota vijiti. Mzee akasema moyoni, safari hii sibahatishi. Mwingine angetafuta nyasi kavu. Yeye fundi bwana, nyasi za nini? Akachukua nyuzi za pamba, zile laini kabisa, akazikata ndefundefu, akamwekea ndege wake pamoja na vipande vya flana. Kiota kikatoka kimenona kama mto wa mfalme. Mzee akajipiga kifua: "Nani kasema siwezi kumshonea ndege?"

Mayai yakatagwa manne, na raha ya nyumba ikaishia hapo. Maana sebule hiyohiyo ndimo mke wa mwanawe alimosukia watu, na wateja wa msusi unawajua, midomo yao haina breki.

"Semeni polepole jamani, kuna mzazi humu."

"Mzazi gani, Babu, mbona mwenye tumbo ni wewe?"

Wakaangua kicheko. Mzee akanuna, akafunika kizimba kwa shuka upande mmoja, akabadilisha maji. Mkwewe akaendelea kusuka. Yule binti alikuwa mpole, na kati yao wawili salamu zilikuwa nyingi kuliko mazungumzo.

Mayai matatu yakawa viza. La nne likapasuka, kikatoka kidude chekundu, kipofu, kichwa kizito kuliko mwili, kikaachama. Na sauti ikatoka! Nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, lakini imetoka. Mzee akakaa chini, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Tangu hapo kazi ikawa kuponda yai la kuchemsha kwa uma mpaka lilainike, aliweke kwenye kisahani, mama ale amtapikie mwanawe. Kumlisha ndege yai, mzee aliona haya kidogo, lakini ndiyo chakula chao wanapolea.

Asubuhi moja kinda akawa ananyoosha shingo lakini mwili hauinuki. Mzee akavaa miwani, akainama. Lo! Uzi umemzunguka mguu, umebana mpaka umezama kwenye nyama, na kidole kimevimba kimekuwa rangi ya zambarau. Uzi wake mwenyewe, aliouchagua kwa mkono wake. Akashika kimkasi cha kukatia nyuzi. Uzi unaishia wapi na mguu unaanzia wapi, haoni. Akikosea, kaukata mguu. Akiuacha, mguu unakufa, na kinda anaufuata.

"Mwanangu," akamwita mkwewe, "njoo uninusuru."

Msusi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. Akakiacha vilevile.

"Sasa mimi nitatoka hivi?" mteja akalalamika.

"Kaa hapo, dada. Hiyo nusu haitakimbia."

Akamtoa kinda, akamlaza kwenye kiganja cha mzee. "Mshike hivyo hivyo, Baba. Usimbane." Akalowesha uzi kwa maji ya vuguvugu, akachukua sindano yake ya kufumulia nywele, akaingiza ncha chini ya uzi. Vidole vile kila siku vinafumua misuko iliyoshikana kama zege. Vikatafuta mwanzo wa fundo, vikaupata. Mzunguko mmoja ukalegea. Wa pili. Mzee hapumui, na mteja naye kasimama nyuma yao na nusu kichwa chake, hapumui. Wa mwisho ukatoka.

Wakaviondoa nyuzi na vitambaa vyote, msusi akatandika nyasi kavu, wakamrudisha kinda. Wakangoja. Jike akazunguka, akageuza kichwa, akaingia, akamtia mwanawe chakula mdomoni. Na kile kidole, polepole, kikaanza kurudi rangi yake.

"Uliniona nikiweka zile nyuzi?" mzee akauliza.

"Nilikuona, Baba."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Na wewe ndiye fundi."

Mzee akatikisa kichwa, akacheka na kufuta macho kwa pamoja. "Siku nyingine nigombeze, mwanangu. Nigombeze mbele za watu. Ahsante. Umeniokolea kitu ambacho marehemu mama yako alikingoja maisha yake yote."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya msusi, akawa anampa nywele za kusukia, fungu kwa fungu, mpaka nusu iliyobaki ikaisha.

"Babu," mteja akasema, "na kama hazikukaa sawa?"

"Hapo mlaumu fundi wako," mzee akajibu. "Mimi leo ni msaidizi tu."